Amri ya Nane na Simu ya Mkononi: Kuuelewa Uonevu wa Mtandaoni Miongoni mwa Watoto

Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi huwaletea wachungaji siku hizi, lipo moja ambalo wengi wetu hatukufundishwa vyuoni. Mtoto amekataa kwenda shule, au ameacha ghafla kuhudhuria mafundisho ya kipaimara; hali chakula vizuri, hasemi na mtu; na baada ya kudodoswa kwa siku nyingi inadhihirika kwamba chanzo cha huzuni yake kimo ndani ya simu. Amepigwa bila kuguswa, na waliompiga ni wenzake anaoketi nao benchi moja.

Makala haya yanakusudia kueleza uonevu huo ni nini, unatofautianaje na uonevu uliokuwapo tangu zamani, na Kanisa linaweza kuukabili kwa msingi gani. Hoja yetu kuu ni hii: uzito wa uonevu wa mtandaoni haumo tu kwa yule anayetupa neno la kwanza, bali umo pia kwa kundi linalotazama, linalocheka na linalopitisha. Kwa sababu hiyo maelezo ya Martin Luther juu ya amri ya nane, ambayo kila mtoto wa kipaimara huyakariri, yanaligusa jambo hili kwa undani kuliko inavyodhaniwa. Kwani Luther hakuridhika na mtu asiyesema uongo, bali alimdai Mkristo amtetee jirani yake.

1. Uonevu ni nini?

Uchunguzi wa kitaalamu juu ya uonevu wa watoto ulianza katika nchi za Skandinavia. Huko Sweden, daktari Peter-Paul Heinemann aliliweka suala hili mbele ya umma kuanzia mwaka 1969. Baada yake mwanasaikolojia Dan Olweus (1931–2020), Mswidi aliyefanya kazi zaidi nchini Norway, alilichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1983 serikali ya Norway ilianzisha kampeni ya kitaifa dhidi ya uonevu shuleni, baada ya wavulana watatu kujiua, na Olweus alipewa nafasi kubwa katika kazi hiyo.

Olweus aliweka vipimo vitatu ambavyo hadi leo hutumiwa na watafiti wengi. Kwanza, pawepo nia ya kuumiza. Pili, tendo lirudiwerudiwe. Tatu, pawepo kutolingana kwa nguvu, hata anayeonewa asiweze kujitetea kwa urahisi. Kwa vipimo hivyo, ugomvi wa watoto wawili wenye nguvu sawa si uonevu, hata kama wanatoana damu; na neno la dhihaka lisemwalo kila siku kwa mtoto asiye na mtetezi ni uonevu, hata kama halina tusi ndani yake.

2. Mtandao unabadili nini?

Tuchukue mfano ambao kila mchungaji atautambua. Kijana mwenye kigugumizi anasimama mbele ya usharika siku ya mtihani wa kipaimara. Anaanza kueleza maana ya sehemu ya pili ya Imani, anakwama katika neno moja, analirudia mara sita. Mwenzake anamrekodi. Jioni ile sauti ile imewekwa katika kundi la WhatsApp la darasa; kesho yake uso wake umetengenezwa kuwa stika; baada ya wiki moja watoto wa shule nyingine, ambao hawajapata kumwona, wanalitumia neno lile kama jina lake.

Hapa vipimo vya Olweus vinabaki, lakini kila kimoja kimegeuka sura. Marudio hayahitaji tena mwoneaji arudie tendo lake: amelitenda mara moja tu, na wengine wamelirudia mara mia kwa kulipitisha. Nguvu nayo si ya misuli wala ya umri. Mwenye nguvu ni yule mwenye simu, mwenye kujua kuitumia, mwenye wafuasi wengi, au mwenye kujificha nyuma ya jina la bandia. Hata nia inakuwa vigumu kuipima, kwa maana yule wa ishirini kuipitisha sauti ile hakumkusudia mtu yeyote; aliona jambo la kuchekesha, akabonyeza.

Yapo na mambo mengine matatu. La kwanza, mtoto aliyeonewa shuleni zamani alipata kimbilio alipofika nyumbani. Sasa uonevu humfuata hadi kitandani. La pili, mwoneaji hauoni uso wa mwenzake. Anayemchokoza mtu ana kwa ana huweza kuguswa na machozi yake akaacha. Anayeandika kwenye simu haoni chochote isipokuwa alama za vicheko. La tatu, maneno ya kinywa husahaulika, lakini picha na sauti hubaki. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maji haya hayakauki pia.

Hata hivyo tusidhani kwamba mtandao umeumba aina mpya ya watoto. Mwaka 2012 Olweus mwenyewe alionyesha kwamba wengi wa wanaoonewa mtandaoni ni wale wale wanaoonewa ana kwa ana. Kwa hiyo mchungaji anayesikia habari za uonevu katika simu na aulize pia kuhusu darasa, bweni, na njia ya kwenda shuleni.

Wengine husema kwamba jambo hili ni la Ulaya na Marekani. Mwaka 2019 UNICEF ilitangaza matokeo ya maswali yaliyoulizwa vijana zaidi ya 170,000 wa miaka 13 hadi 24 katika nchi 30. Zaidi ya theluthi moja walisema wamewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja katika kila watano alisema amewahi kukosa shule kwa ajili hiyo. Katika Afrika kusini mwa Sahara waliosema wameonewa walikuwa asilimia 34. Ni kweli kwamba katika shule zetu nyingi hapa Tanzania wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Lakini ipo simu ya mama, ipo simu ya kaka, ipo likizo. Na yanayotendeka wakati wa likizo humngoja mtoto mlangoni mwa darasa shule inapofunguliwa.

3. Utani na uonevu

Mtoto aliyeshitakiwa kwa uonevu wa namna hii karibu kila mara hujitetea kwa neno moja: "Nilikuwa natania tu." Wazazi wengi hulikubali, kwa sababu utani ni mila yetu yenye heshima. Yafaa basi tulipime neno hilo kwa mila yenyewe.

Utani una wenyewe. Mchaga na Mpare hutaniana, babu na mjukuu hutaniana, shemeji na shemeji hutaniana. Mtu hamtanii yeyote apendaye. Utani ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa, na anayo haki ya kujibu papo hapo, mbele ya wale wale waliosikia. Zaidi ya hayo, utani una wajibu. Mtani ndiye afikaye msibani, akafanya vituko ili wafiwa wapate kutabasamu, na tena akasaidia kazi za mazishi. Ulimi wake umepewa uhuru kwa sababu mikono yake imefungwa na ahadi.

Yule kijana mwenye kigugumizi hana haki ya kujibu, kwa sababu silaha iliyotumika ni ule udhaifu wenyewe wa kujibu. Hakuna aliyekubaliana naye kutaniana, wala hakuna hata mmoja kati ya waliompitisha atakayekwenda kwao siku ya msiba. Huo si utani. Ni uonevu uliovaa kanzu ya utani. Mwalimu wa kipaimara anayeweza kuwaeleza watoto tofauti hii kwa lugha ya nyumbani kwao atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kuwasomea orodha ya makatazo.

4. Ushuhuda wa Maandiko

Katika sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza tunasoma habari za Hana na Penina. Hatuna budi kukumbuka kwamba lengo la mwandishi ni kueleza kuzaliwa kwa Samweli, wala si kutoa mafundisho juu ya malezi. Lakini maelezo yake ni sahihi mno kiasi kwamba vipimo vyote vitatu vimo. Penina humchokoza Hana kwa kusudi la kumhuzunisha: ndiyo nia. Hufanya hivyo mwaka kwa mwaka: ndiyo marudio. Naye ana watoto, ambapo Hana hana hata mmoja: ndiyo kutolingana kwa nguvu. Tena hayo yanatokea wakati wa kupanda kwenda nyumbani kwa Bwana huko Shilo. Uonevu haukukoma mlangoni mwa ibada. Ulitumia nafasi ya ibada.

Inatupasa sisi wachungaji kuwatazama pia wanaume wawili wa habari hii. Elkana anampenda Hana, naye anamfariji kwa kumwuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. Ni maneno ya upendo, lakini Penina hatajwi ndani yake. Jeraha limefunikwa bila kuoshwa. Eli, kuhani, anaiona midomo ya Hana ikitikisika bila sauti, naye anadhani amelewa. Mtu wa Mungu anamkemea aliyeonewa. Ndivyo inavyotokea tunapomwita mvivu au mkaidi mtoto aliyeacha kuja kanisani, kabla hatujajua kilichomtoa. Sifa ya Eli ni kwamba Hana alipojibu, alimsikiliza, akayageuza maneno yake, akambariki.

Walawi 19 inaongeza neno lingine. Katika aya ya 14 Waisraeli wanakatazwa kumlaani kiziwi. Mtu angeweza kuuliza: laana hiyo inadhuru nini, iwapo mwenyewe haisikii? Jibu la Torati ni kumcha Mungu, ambaye husikia. Watoto wanaofungua kundi la siri ili kumsema mwenzao asiyekuwamo humlaani kiziwi. Na makundi hayo yapo: katika taarifa ile ya UNICEF, vijana wa Afrika kusini mwa Sahara kama asilimia 39 walisema wanajua kuwapo kwa makundi ya faragha ya jumuiya za shule ambamo habari za wenzao hupelekwa kwa ajili ya kuwaonea. Kisha aya ya 16 inakataza kuzunguka na masingizio, na papo hapo inakataza kusimama juu ya damu ya jirani. Talmud, katika Sanhedrini 73a, huchukua maneno hayo kuwa ni wajibu wa kumwokoa mtu aliye hatarini: asimamaye akitazama amevunja amri.

5. Amri ya nane katika katekisimo za Luther

Katika hesabu yetu ya Kilutheri, amri ya kutomshuhudia jirani uongo ni ya nane. Makanisa ya Kireformed na Anglikana huihesabu kuwa ya tisa. Luther aliieleza katika Katekisimo Ndogo na Katekisimo Kubwa, zote mbili za mwaka 1529. Mambo manne katika maelezo yake yanatuhusu.

La kwanza, Luther anahesabu jina jema kuwa hazina. Baada ya mwili wa mtu, mwenzi wake wa ndoa na mali yake, ipo heshima yake mbele ya watu, ambayo hawezi kuishi pasipo hiyo. Anayeiharibu ni mnyang'anyi, hata kama mikono yake ni mitupu. Mtoto naye anayo hazina hiyo, tena ni karibu mali yake yote. Hana shamba wala cheo, analo jina lake kati ya wenzake.

La pili, Luther anaanzia katika baraza la hukumu, mahali ambapo maskini asiye na hatia huangamizwa na mashahidi. Leo watoto wetu wana baraza lisilo na hakimu: mashitaka husomwa, hukumu hutolewa na adhabu hutekelezwa kabla mshitakiwa hajajua kwamba ameshitakiwa.

La tatu, amri hii haikomi kwenye uongo. Luther anatofautisha kuijua dhambi ya mtu na kuitangaza; asiyepewa kazi ya kuhukumu hana ruhusa ya kuitangaza hata iliyo kweli, bali na afuate njia ya Mathayo 18, kwenda kwa mhusika peke yake. Neno hili linawaziba midomo wale wanaosema, "Lakini ni kweli alifanya hivyo." Linatupasa pia tuitazame upya methali yetu isemayo lisemwalo lipo. Mara nyingi lisemwalo lipo kwa sababu limesemwa tu.

La nne, na lililo kubwa, ni kwamba Katekisimo Ndogo haikomi kwenye katazo. Inaamuru kumtetea jirani, kumnenea mema, na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Hapo ndipo mtazamaji anapoitwa kwa jina. Mtoto aliyeiona stika ile akanyamaza anaweza kusema kweli kwamba hakumtukana mtu. Luther atamwuliza: je, ulimtetea?

6. Kundi linalotazama

Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha kwamba katika uonevu wa darasani karibu kila mtoto ana nafasi yake. Yupo anayeongoza, wapo wanaomsaidia, wapo wanaomchochea kwa vicheko, wapo wanaojitenga, na wapo wanaomtetea anayeonewa. Kutokana na uchunguzi huo Chuo Kikuu cha Turku kilitengeneza mpango wa shule uitwao KiVa, ambao hulenga hasa kuwabadili wale wanaotazama.

Huko Kanada, watafiti akiwamo Debra Pepler na Wendy Craig waliwachunguza watoto wakiwa uwanjani, wakatoa matokeo yao mwaka 2001. Watoto wengine walikuwapo katika sehemu kubwa kabisa ya matukio ya uonevu, lakini walioingilia kati walikuwa wachache. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Mwoneaji hula vicheko vya kundi. Akinyimwa chakula hicho, hukosa nguvu.

Sayansi hii haiongezi kitu juu ya amri, lakini inatuonyesha kwamba anachokidai Luther kinawezekana kwa mtoto wa miaka 13. Mtoto huyo hatakiwi kupigana na mbabe wa darasa. Anaweza kukataa kupitisha, kuandika katika kundi lile lile, "Tuache hii," kumpigia simu mwenzake jioni ile, au kumwambia mtu mzima. Kumwambia mtu mzima ili kumwokoa mwenzako si umbea. Umbea hutafuta kumwangusha mtu, na huku ni kumwinua.

7. Wajibu wa kichungaji

Kwanza, tusikilize kabla ya kuamua. Jambo la haraka ambalo wazazi hufanya ni kumnyang'anya mtoto simu. Kwa mtoto aliyeonewa hiyo ni adhabu ya pili, na hofu ya adhabu hiyo ni sababu mojawapo ya watoto kuficha. Mchungaji amshauri mzazi aanze kwa kusema, "Umefanya vema kuniambia."

Pili, ushahidi uhifadhiwe. Ujumbe usifutwe upesi. Upigwe picha, na tarehe ionekane. Lakini ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, isinakiliwe wala kupitishwa kwa yeyote, hata kwa wazee wa kanisa kwa nia njema. Jambo hilo lipelekwe polisi moja kwa moja, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inauhesabu uonevu wa mtandaoni kuwa kosa la jinai. Wapo pia maafisa ustawi wa jamii, na ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Tatu, tuulize waziwazi juu ya kifo. Mtoto akisema kwamba amechoka na maisha, au kwamba watu wangepumzika kama yeye asingekuwapo, aulizwe kwa upole kama amefikiri kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia mlango. Mchungaji asitoe mapema ahadi ya kuficha kila atakaloambiwa katika mazungumzo ya kawaida. Amwambie mtoto tangu mwanzo kwamba akihofia uhai wake atatafuta msaada pamoja naye. Mtoto huyo asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali.

Nne, tusiuharakishe msamaha. Mara nyingi tumewaita watoto wawili ofisini, tukawashikanisha mikono, tukaomba, tukafunga faili. Aliyeonewa amelazimishwa kusamehe dhambi ambayo bado inazunguka katika simu za watu. Msamaha ni karama ya Injili. Ukidaiwa kwa nguvu hugeuka kuwa sheria juu ya mgongo wa aliyeumizwa.

Tano, mwoneaji naye ni mtoto wa ubatizo. Asitangazwe mbele ya usharika, maana huko ni kumtendea lile lile alilotenda. Aongozwe kwenye toba yenye matunda. Jina liliharibiwa katika kundi, na katika kundi hilo hilo litengenezwe: afute alichokiweka, aandike kwamba alikosea, awaombe waliopitisha wafute pia. Ni vigumu kwake, na hapo anahitaji mchungaji asimame karibu naye asikate tamaa.

Sita, tujitazame wenyewe. Makundi ya kwaya, ya jumuiya na ya kamati zetu hupitisha habari za watu bila kuuliza kama ni kweli wala kama ni halali yetu. Mtoto anayeshika simu ya mama yake huyasoma hayo. Mwalimu wa kipaimara aliyemo katika kundi la wanafunzi wake, akaiona stika, akanyamaza, amefundisha amri ya nane kinyume, hata kama wiki ile ile amewakaririsha maelezo yake.

Hitimisho

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kwa watoto wetu mzaha wa dakika moja waweza kuzaa kidonda cha miaka. Serikali inazo sheria, shule zinazo kanuni, na wataalamu wanayo mipango. Yote hayo tuyapokee kwa shukrani. Kanisa limepewa darasa la kipaimara, ambamo kwa muda mrefu watoto huketi pamoja wakijifunza maana ya kumcha na kumpenda Mungu. Tunapofika amri ya nane, tusiwaulize tu kama wanaweza kuikariri. Tuwaulize ni nani kati ya wenzao jina lake linaburutwa juma hili, na nani atakuwa wa kwanza kusimama upande wake. Kisha tuwaache wajibu, nasi tuwe tayari kusimama pamoja nao.